Pumzi Niliyofundishwa Bustanini Rau

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, hadi vumbi lake. Siku niliyoolewa siikumbuki hivyo, maana nilikuwa nimefunikwa nguo na sikuona kitu zaidi ya miguu ya watu. Lakini siku hii ninayokusimulia nilikuwa nimelala chali katikati ya njia ya Rau, mzigo wa majani ya ng'ombe umenilalia kifuani, na mzee wa Kichina amesimama juu yangu ananiuliza kama nimekufa.

Usicheke kwanza. Leo nimechoka, magoti yanalia kama mlango mbovu, kwa hiyo nitakueleza taratibu na wewe nisikilize taratibu. Mimi sikusoma sana. Misheni walinifundisha kusoma katekisimu na kuandika jina langu, basi. Mengine nimeyaokota njiani kama mtu anayeokota kuni. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na kwamba nimeishi, hilo hata adui yangu hawezi kulikataa.

Nilizaliwa Mwika, nikaolewa Uru, huko juu migombani. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka kwa pua, nami nikamzalia binti, Ana, ambaye leo naye ni bibi wa watu. Ana akiwa bado hajajua kukaa, vita ya pili ya Mwingereza na Mjerumani ikatufikia. Mangi, mtawala wetu, akatakiwa atoe vijana, na Baba Ana akawa mmoja wao. Wakampa kofia na viatu, akapanda treni pale Moshi, wenzake wanaimba. Baada ya hapo kimya. Mara tulisikia wako Kenya, mara wamevushwa bahari kwenda nchi ya misitu ambayo mvua yake haina msimu. Nani aliyewaona? Hakuna. Kila aliyeleta habari aliipata kwa mtu mwingine aliyeisikia sokoni.

Sasa ngoja nikueleze habari ya majani, maana nyinyi maziwa mnanunua dukani na hamjui yanakotoka. Kwetu ng'ombe hatoki nje. Ardhi yote ya kihamba, shamba la nyumbani, ni migomba na kahawa, hakuna pa kuchungia, kwa hiyo ng'ombe anakaa ndani kama bwana harusi na mwanamke ndiye anayemfuata chakula. Tulishuka na mundu hadi nyikani, karibu na msitu wa Rau, tukakata majani, tukafunga kwa kamba za mgomba, tukajitwisha, tukaanza kupanda. Kushuka ni mzaha. Kupanda ndiyo kazi.

Na mke alipimwa kwa mzigo wake wa majani. Mama wakwe walisimama kwenye njia ya kuingilia kihambani, wakatazama mzigo kabla ya kutazama uso. Kutua mzigo njiani, mahali ambapo si pa kutulia, ilikuwa aibu. Unatua pale wanapotua wote. Ukitua kwingine, jina lako linawahi kufika nyumbani kabla yako.

Basi hofu ya Baba Ana iliponikaa, nikafanya ujinga ambao mwanamke wa migombani tu ndiye angeweza kuufanya. Nikaongeza mzigo. Nilijiambia shingo ikiuma sana moyo utanyamaza. Kila nilipomkumbuka, nikakata majani zaidi. Wenzangu wakanisifu, wakasema, "Manka ana shingo ya fahali," nami nikazidi kukata. Mimi nina kiburi, mwanangu. Nilizaliwa nacho na sijaona sababu ya kukiacha. Ila kiburi nacho kinataka kulishwa, na siku zile nilikilisha majani.

Ukipanda mlima na mzigo wa namna hiyo huvuti pumzi kama watu. Unaibana, unaitoa vipande vipande kwenye meno. Mimi nikaizoea hiyo pumzi ya mlimani hata nikiwa nimekaa jikoni. Nikinyonyesha, naibana. Nikilala, naibana, nasikiliza ng'ombe wakicheua na sipati usingizi. Chakula kikawa kama majivu mdomoni. Mama mkwe alinipikia mtori wa ndizi wenye mafuta yanayoelea juu, nikala vijiko viwili kwa adabu, kinachobaki nikawapa watoto wa jirani. Na maziwa yakaanza kukauka. Ana ananyonya, anaacha, analia, ananyonya tena. Shingo yake ikawa kama bua. Wewe hujui mtoto anayekutazama hivyo anafanana na nini, na nakuombea usijue.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nilijisemea, kila mtu alale na kunguni wake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mnusa ugoro, maneno yake machache kama meno yake. Niliona anatazama mzigo wangu mkubwa na kukubali kwa kichwa, nikadhani ameridhika.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye ile siku ya njia ya Rau. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimefunga majani kwa ubishi, na nilipofika kwenye bustani ya mboga iliyo kando ya mfereji, pumzi ikagoma. Haikuingia wala haikutoka. Nikaona miti inageuka, na mara niko chini.

"Umekufa?" akauliza yule mzee.

"Bado," nikamjibu.

"Basi vuta pumzi."

Nikavuta.

"Hiyo si pumzi," akasema. "Hiyo ni kwikwi."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mistari ya kabichi. "Wewe Asumani, mtoe kwanza binti wa watu chini ya majani, ndipo umfundishe kupumua. Amelaliwa na mzigo kama panya na wewe unamsomesha."

Huyo alikuwa Bi Mwanahawa, mkewe. Watu wa mjini Moshi walimjua wote, mwanamke wa Kiislamu, baba yake mtu wa Pangani, mama yake Mpare, mdomo wake wa kwake mwenyewe. Alikuwa akipika vitumbua na mumewe akilima kabichi na karoti za kuwauzia wazungu na Wahindi. Yeye mzee alikuja enzi za Mjerumani pamoja na watu waliotandika reli kutoka Tanga. Wenzake wengine walirudi kwao, wengine wamezikwa huko huko relini. Yeye akabaki, akasilimu, akaitwa Asumani, akaoa. Sisi wa juu tulikuwa tukimwona asubuhi anapunga mikono peke yake kando ya mfereji, polepole kama mtu anayeota, tukapita mbio. Wengine walijifanyia ishara ya msalaba.

"Shikamoo, mama," nilisema nilipoinuka.

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi Wachaga siku moja mtakuja kuubeba mlima wenyewe, mkiambiwa ng'ombe wanautafuna. Kaa hapo kivulini."

Akanipa maji. Mzee Asumani akanitazama muda mrefu, bila haya na bila ubaya, kama anavyotazama mche uliosinyaa. Akasema, "Mabega yako yako masikioni. Mzigo uko chini, wewe bado umeubeba."

Nikajitazama, na kweli. Nikayashusha. Yakarudi juu yenyewe.

"Una nini kifuani?" akaniuliza.

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu hakuwa mtu wa Uru, na nisingemkuta kanisani. Nilisema, "Mume wangu yuko vitani, na mtoto wangu hapati maziwa."

Akatikisa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kizuri, ila alikisema kwa kutua kila mahali. "Mimi nilipokuwa relini," akasema, "nilikuwa nimeacha mama na dada mdogo ng'ambo. Wazima, wafu, sikujua. Nikiwakumbuka, kifua kinafunga kama mlango. Babu yangu alinifundisha kitu nikiwa mdogo, nikaona ni mchezo wa wazee. Relini ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wanaucheza."

"Ndiyo huo," akadakia Bi Mwanahawa. "Kila asubuhi anasukuma ukuta ambao haupo. Nimeolewa naye tangu Mjerumani yuko bomani. Ukuta haujaanguka na yeye hajakata tamaa."

Mzee akacheka, akasimama mbele yangu. Miguu kaitenga kidogo, magoti kayalegeza, kama mtu aliyetaka kukaa kisha akabadili nia. Akainua mikono kutoka mapajani hadi kifuani, taratibu, kama inaelea juu ya maji, na pumzi ikamwingia puani huku tumbo lake likijaa kama la mtoto aliyeshiba. Kisha mikono ikashuka, pumzi ikatoka, ndefu, bila sauti. Akageuza kiuno, mikono ikamfuata kama nguo zilizoanikwa. Hakuna alipokaza. Hakuna alipoharakisha.

"Wewe sasa," akasema.

Nikasimama kama mgomba uliopigwa na mvua ya mawe. Nikainua mikono, nikavuta pumzi, ikafika kooni ikasimama.

"Ipeleke tumboni."

"Haipiti."

Bi Mwanahawa akanifikia, akanipapasa kiunoni bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimejifunga mkaja tangu nijifungue, kama tulivyofunga wote ili tumbo lirudi, na kwa hofu zangu nilikuwa nikiukaza kila asubuhi zaidi ya jana. Akakamata fundo. "Na hili je? Mwanamke amejifunga kama gunia la kahawa, halafu anasema pumzi haipiti. Ipite wapi, masikioni?"

Akalifungua. Nikavuta tena, na safari hii, mwanangu, hewa ilishuka. Ilishuka hadi chini ya kitovu, mahali ambapo nilikuwa nimesahau kwamba ni pangu. Sikuona maajabu, wala sikusikia malaika. Tumbo liliunguruma tu. Nikasikia njaa, njaa ya kweli, ya kwanza tangu treni ile iondoke. Nikala vitumbua vya Bi Mwanahawa vya kuuza, na yeye akanitazama nikila akanyamaza, jambo ambalo mumewe alisema hajawahi kuliona.

Basi nikawa napita pale kila ninaposhuka. Nikakata mzigo mdogo, nikautua kwenye uzio wa bustani, nikasimama na yule mzee kando ya mfereji, tukainua mikono na kuishusha, na Bi Mwanahawa akitusimanga kutoka kwenye karoti. Siku nyingine haikunisaidia chochote. Siku nyingine nilirudi nyumbani na mabega yako mahali pake, nikala, nikalala hadi jogoo. Maziwa hayakurudi kwa kishindo. Yalirudi kama mfereji unaofunguliwa huko juu, kwanza unyevu, halafu tone, halafu ukimsikiliza mtoto unasikia anameza.

Lakini mzigo mdogo unaonekana, na kuchelewa kunaonekana. Wanawake wenzangu wana macho. Jirani mmoja, ambaye mzigo wake haukuwahi kufikia wangu, alisema Manka anacheza ngoma na Mchina kule chini, tena bila mkaja. Neno hilo likapanda mlima kabla yangu. Likamfikia Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Na nikwambie wazi: kihamba cha mtu aliye vitani kina wapenzi wengi. Kahawa ya Baba Ana ilikuwa imeanza kuzaa vizuri.

Baba Mkubwa alikuja, akakaa, akapewa pombe ya mbege, akanywa yote ndipo akasema. "Jumapili baada ya misa wanaukoo watakaa. Huyu mwanamke arudi kwao Mwika. Mtoto ni wa ukoo, atabaki."

"Mtoto ananyonya," akasema mama mkwe.

"Atakunywa ya ng'ombe."

Mama mkwe akafungua kibuyu chake. Akanusa ugoro wake. Nilimsubiri aniulize, hata kwa kunitukana, hakuniuliza. Nami sikujitetea, kiburi kilinikaba. Nikamfunga Ana mgongoni nikijua kwamba Jumapili inakuja na kwamba naweza kumtoa mgongoni nisimrudishe tena. Hapo hata pumzi ya Mchina niliitafuta nikaikosa.

Kesho yake nikashuka kama kawaida, safari hii na Ana mgongoni. Ningefanya nini, ng'ombe wanakula hata kama wewe unafukuzwa. Nikafika bustanini, nikatua, nikasimama, mzee mbele yangu, Bi Mwanahawa pembeni, maana siku hiyo alisema mgongo unamuuma naye ajaribu huo wazimu. Tumeinua mikono yote sita, ndipo nikasikia, "Hodi."

Sauti hiyo niliijua kabla ya kugeuka. Mama mkwe alikuwa kwenye uzio, na vumbi la mlima mzima miguuni. Nikabaki na mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari.

"Karibu, dada," akasema Bi Mwanahawa. "Umekuja kumchukua au kucheza?"

"Nimekuja kuona uchawi."

"Umechelewa. Uchawi umekwisha, yamebaki maharage. Pita ukae."

Mama mkwe hakukaa. Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni mzee Asumani, aliyempa shikamoo kwa heshima ingawa umri wao ulikuwa mmoja. Kisha akanigeukia. "Huyu anakupa dawa gani?"

"Hewa, mama."

"Hewa? Kwani Uru imekwisha?"

Nikashusha mikono. Nikasema, kwa sababu mbele yangu palikuwa na Jumapili na sikuwa na cha kuficha tena. "Kifua kinanifunga, mama. Tangu Baba Ana aondoke. Silali, sili, maziwa yalikuwa yamekauka. Hapa wamenifundisha kupumua. Maziwa yamerudi kidogo. Ni hilo tu ninalokuja kufanya."

Halafu akanikaripia, na karipio lile ndilo urithi wangu, kuliko kahawa.

"Na mimi yule nilimzaa au nilimwokota?" akasema. "Au unadhani nilizaa mbuzi? Wewe unalala upande ule wa jiko umebana pumzi, mimi nalala upande huu nimebana pumzi, tunaogopana kama wezi wawili waliokutana shamba moja. Kila siku nakuona unaleta mzigo mkubwa, nikasema huyu ana nguvu, hana habari na mwanangu, ngoja na mimi nikaze. Mficha maradhi kifo humuumbua, Manka. Na wewe ungeumbuka na mjukuu wangu mgongoni."

Nikashusha mabega, na safari hii hayakurudi juu.

Mzee Asumani akamwonyesha mahali kando ya mfereji. "Mama, simama hapa."

"Mimi ni mtu mzima. Sichezi."

"Hii ni ya watu wazima. Watoto wanapumua wenyewe."

Sijui kilichomsogeza. Labda uchovu, maana uchovu nao una miguu yake. Akaweka kibuyu cha ugoro juu ya jiwe, akasimama wima kama nguzo ya kanisa. "Legeza magoti," akaambiwa. Akayalegeza kwa hasira. Mikono ikapanda, ikashuka. Ikapanda tena. Mara ya tatu au ya nne hivi akapiga mwayo. Mwayo mkubwa, mwanangu, uliotoka kisiginoni. Kisha mwingine. Kisha machozi yakamtoka bila kilio, yakiteremka tu, na huku anapiga miayo kama mtoto. Akasema, "Nikae kidogo." Akakaa juu ya magunia matupu, akajinyoosha, na kabla Bi Mwanahawa hajamaliza kumtania alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Mwacheni," akasema Bi Mwanahawa, akamfunika kanga yake. Alisema kwa sauti ya chini, ya kwanza niliyoisikia kwake. Mzee akarudi kwenye palizi. Mimi nikakaa namfukuzia inzi mama mkwe wangu, nikamnyonyesha Ana, na jua likahama.

Tulipanda mlima pamoja, yeye amebeba nusu ya majani yangu, na mama mkwe kubeba majani ya mkamwana ni jambo ambalo watu walitoka migombani kulitazama. Tulipofika mpakani mwa kihamba chetu, penye masale yaliyopandwa kama uzio, akavunja jani moja la sale akanipa mkononi. Kwetu sale ni jani la kuombea msamaha, na anayepewa hana ruhusa ya kukataa. Lakini ni mdogo anayempa mkubwa. Sijawahi kuona mkubwa akimpa mdogo, si kabla ya hapo wala baada ya hapo. Nikalipokea kwa mikono miwili, tukaingia kukamua.

Jumapili wanaukoo wakakaa. Baba Mkubwa akasema maneno yake yote. Mke wa mtu anachezeshwa bustanini na mwanaume mgeni. Ukoo unachekwa kuanzia Uru hadi stesheni. Arudi Mwika, mtoto abaki, na kihamba yeye Baba Mkubwa atakiangalia kwa muda.

Mama mkwe akasimama. "Ni kweli anachezeshwa," akasema. "Na mimi nimechezeshwa."

Mzee mmoja akapaliwa na mbege.

"Nimekwenda, nimesimama pale, nimeinua mikono, nimelala usingizi ambao tangu mwanangu aondoke sikuupata humu ndani. Kama hilo ni kosa, tuko wawili. Mkimrudisha yeye Mwika, mimi nirudisheni Kibosho. Ndugu zangu wapo, watanipokea, na watakuja hapa kuuliza sababu. Wana midomo, mnawajua." Akamgeukia Baba Mkubwa. "Halafu majani atakata nani? Wewe? Shingo yako nimeitazama. Haifai."

Walianza kucheka vijana, wazee wakafuata. Baba Mkubwa akacheka mwishoni, kwa kuwa mtu akichekwa na ukoo mzima hana njia nyingine. Jambo likaishia hapo. Mioyoni halikuisha, lakini barazani liliisha, na Ana akabaki mgongoni kwangu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, tulikuwa tukisimama wawili uani panapoanikwa kahawa, mkwe na mkamwana, tunainua mikono na kuishusha. Majirani walichungulia na kucheka. Mama mkwe aliwaambia tunawafukuza ndege.

Ningependa niishie hapo, mwanangu, hadithi ingekuwa tamu. Lakini nimezeeka mno kukudanganya. Vita ilipokwisha wengine walirudi, wakarudi, wakarudi, hadi wa kurudi wakaisha. Kisha tarishi wa Mangi akaja kihambani, akavua kofia, nasi tukajua kabla hajafungua mdomo. Baba Ana amezikwa huko kwenye nchi ya misitu. Pumzi haikumrudisha. Pumzi hairudishi mtu. Nililia hadi sauti ikaniishia, na mama mkwe akalia yake, na ng'ombe wakalia kwa njaa kwa kuwa hakuna aliyekwenda nyikani. Nilipohisi kifua kinafunga kabisa, kile kifungo cha mwisho, mkono wake ulinishika kiwiko, na sauti yake ikaniambia, "Legeza magoti, Manka." Hakusema kingine. Tulisimama pale uani, wawili, mbele ya waombolezaji, tukapumua. Hatukupona. Ila hatukuanguka, na jioni mtoto alikula.

Sasa sikia ninalotaka uende nalo, maana sitaki useme bibi alipiga porojo akasahau shauri.

Siku hizi mnaliita msongo wa mawazo, mnalo jina zuri. Lakini nawaona mnafanya ujinga ule ule wangu. Moyo ukiuma mnaongeza kazi. Mnaongeza safari, mnaongeza maneno, mnajifunga mkaja juu ya mkaja, na watu wakiwasifu kwa kubeba mnazidi kukata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; wanaokusifu hawakuubeba. Usitumie mzigo kunyamazisha hofu. Hofu haifi kwa uzito, inahamia tu kwa mtoto wako, kwenye usingizi wako, kwenye maziwa yako.

Kila siku, kabla dunia haijakushika, simama. Legeza magoti, shusha mabega, ipeleke pumzi tumboni na uitoe polepole. Haina gharama na haihitaji shule. Usione haya kwamba imetoka kwa wageni; kitu chema hakiulizwi kabila lake. Itakuletea njaa na usingizi, na mtu aliyekula akalala anaweza kubeba ambacho jana kilimwangusha. Zaidi ya hapo usiidai.

Na zaidi ya pumzi, sema. Huyo unayelala naye chini ya paa moja, ambaye unadhani hana habari na maumivu yako, huenda amebana pumzi akikusubiri wewe uanze. Anza wewe. Mimi nilipoteza miezi mingi nikimwogopa mwanamke aliyekuwa analia kilio changu, na miezi hiyo hakuna wa kunirudishia.

Nimechoka, mwanangu, niache nipumzike. Ruwa, Mungu wetu, akupe kifua kipana na usingizi usio na deni. Akupe mkwe anayekaripia na asiyekuacha. Wanao wakue mbele ya macho yako, na siku habari mbaya itakapokuja mlangoni, kwa maana itakuja, ikukute hauko peke yako.